Laser ya zamani, ufa kwenye shimo la mlingoti, na mkuku wa chuma usiouhitaji

"Fundi, habari ya kazi. Mimi niko Kisumu, na kuna Laser moja ya zamani, ile boti ndogo ya tanga ya mtu mmoja, nimepatiwa ninunue, mwenyewe anahama. Anasema hiyo ni boti ya Olimpiki na haiwezi kuzama kwa sababu ni faibaglasi. Nimeenda kuiangalia mara mbili. Kuna ufa kama nywele umezunguka lile shimo la mlingoti, ukiinua upande mmoja unaskia maji yanatembea ndani, na ukikanyaga pale juu mbele ya sehemu ya kukaa inabonyea kidogo. Nilimpeleka fundi wa boti za uvuvi kutoka Dunga aione, akaniambia ganda ni jembamba sana, tuongeze mati tatu za nyuzi za faiba chini yote, halafu tuweke mkuku wa chuma, yaani ule uti wa chini wa boti, kwa sababu boti bila mkuku lazima ipinduke. Mimi nina kilo 68, binti yangu wa miaka 14 ana kilo 48 na ndiye hasa anataka kujifunza. Ninunue ama niachane nayo? Na hiyo kazi ya mati na chuma tuifanye kabla ya kuingia majini?"

Ndugu yangu, umefanya vizuri kuuliza kabla hujatoa pesa, wengi huniandikia wakiwa washalipa na boti iko kwa uwanja inaota nyasi. Kwa ufupi ni hivi: mati usiweke, chuma usiweke, na kuhusu kununua, hilo litaamuliwa na mizani ya samaki na jagi la maji, nitakueleza chini. Lakini nataka kwanza uelewe kwa nini, kwa sababu nikikuambia tu "usiweke" na huyo fundi akuambie "weka", wewe utabaki katikati umeshika kichwa.

Na fundi wako wa Dunga si mjinga, tuwekane sawa hapo. Boti anazojenga yeye za mbao zina mkuku mrefu chini, zinabeba nyavu, injini, watu wanne watano na omena juu, zinaburutwa kwa mchanga kila asubuhi, na boti kama hiyo ukiipunguzia uzito umeiharibu. Kila alichokuambia ni kweli kwa hizo boti zake. Shida ni kwamba Laser haikutengenezwa kwa mawazo hayo hata kidogo.

Hii boti ilianza na simu. Mwaka 1969 Ian Bruce, mbunifu wa viwandani kule Montreal, alimpigia Bruce Kirby akitaka kijiboti cha bei nafuu mtu abebe juu ya gari akienda kupiga kambi, na Kirby akachora huku bado wanaongea. Ule mpango wa kambi ukafa lakini mchoro ukabaki, mwaka 1970 wakaijaribu, 1971 ikaanza kuuzwa, na leo zimetengenezwa zaidi ya laki mbili. Olimpiki iliingia mwaka 1996, na mwaka 2008 ile ya tanga dogo ikaingia upande wa wanawake. Siku hizi jina rasmi la mashindanoni ni ILCA lakini sisi wote bado tunaita Laser. Kwa hivyo muuzaji hakudanganya kuhusu Olimpiki, ingawa hiyo sifa haimaanishi boti yake mwenyewe iko sawa, ni kama mtu akuuzie Probox akwambie Toyota hushinda Safari Rally.

Urefu wake ni mita 4.23, upana kama mita 1.4, na ganda tupu lina kilo 59. Hiyo 59 iandike mahali maana tutairudia.

Sasa sikia kwa nini hizo kilo ni muhimu hivyo. Boti yoyote ikitembea inatengeneza wimbi mbele na wimbi nyuma, na ikiongeza spidi hayo mawimbi yanaachana mpaka boti inakaa kwenye bonde katikati yao, sasa ili iende haraka zaidi lazima ipande lile wimbi la mbele, na boti nzito haipandi, inabaki hapo inasukuma maji tu hata ukiiongezea upepo. Kwa Laser, sehemu inayogusa maji ina urefu wa kama mita 3.8, kwa hivyo huo ukuta unaipata kwenye kilomita 9 hivi kwa saa, mwendo wa mtu anayekimbia polepole. Lakini tumbo la Laser kule nyuma limelazwa likawa bapa makusudi, na boti ni nyepesi, kwa hivyo upepo ukitosha na mtu akiinyoosha vizuri inapanda juu ya wimbi lake na kuanza kuteleza juu ya maji badala ya kuyapasua. Hapo utaskia sauti yenyewe inabadilika, usukani unakuwa mwepesi, na binti yako atapiga kelele. Hiyo ndiyo raha yote ya hii boti, na ndiyo utaiua na mati tatu.

Tupige hesabu kidogo. Mati ya kawaida ya gramu 450 kwa mita mraba ikishalowa resini inakuwa kama kilo moja na nusu kwa kila mita mraba. Chini ya Laser tuseme ni mita mraba tano. Mati moja ni kilo saba na nusu, mati tatu ni zaidi ya kilo 22, bado hujaweka jelikoti, ile rangi ngumu ya juu, wala kujaza mabonde ya msasa. Umetoka 59 umefika 80 na kitu, na umbo la chini limeharibika juu yake, maana hakuna mtu anayeweka mati tatu kwa mkono akarudisha mistari ileile ya kiwandani. Mimi najua kwa sababu niliwahi kuifanya. Nilikuwa nimetoka Mtwapa kujifunza faiba, kijana na kiburi, mteja akaniletea Laser yenye mikwaruzo nikamwambia "hii naifanya isikusumbue tena maisha." Kweli haikumsumbua, haikuvunjika, na pia haikutembea. Siku ya mashindano watoto wa shule walimpita na boti zenye viraka, akarudi akaniangalia tu. Sikumdai salio.

Kuhusu wembamba wenyewe, nguvu ya faibaglasi haitoki tu kwa unene wa faiba. Kule juu, kwenye sitaha, wameweka ngozi mbili nyembamba za faiba na katikati yake povu gumu, kama chapati mbili zilizobana kitu katikati, na kazi ya povu ni kuzitenganisha tu hizo ngozi mbili zisikaribiane. Kitu kikiongezwa unene mara mbili hukataa kupinda mara nane, siyo mara mbili, kwa hivyo kwa uzito kidogo sana unapata ugumu mkubwa. Lakini hii hesabu inafanya kazi tu kama ngozi imeshikana na povu. Zikiachana kila moja inapinda kivyake, na hapo ndipo unakanyaga na inabonyea kama hiyo yako. Kwa hivyo huo ulaini ulioskia na mguu ni gundi iliyoachia ndani, na ukibandika mati tatu chini ya boti hujagusa ugonjwa wenyewe. Chukua sarafu ya shilingi kumi, gonga-gonga sitaha yote polepole. Mahali pazima panalia kavu na kali, mahali palipoachana panalia kama unagonga katoni. Chora mpaka wake na chaki. Kama ni eneo la ukubwa wa sahani, hiyo ni kazi ya siku moja: unatoboa vitundu vidogo ngozi ya juu tu, unaingiza epoksi, ile gundi kali ya kuchanganya, na bomba la sindano, unaweka mawe juu ya nailoni mpaka ishike. Kama chaki imezunguka mpaka umeishiwa na chaki, funga mazungumzo na muuzaji.

Haya, mkuku. Hapa ndipo nataka tutulie kidogo kwa sababu hii imani ya "bila mkuku inapinduka" naisikia kila wiki.

Kwenye Laser mkuku ni wewe. Kuna mkanda katikati ya sehemu ya kukaa, unaingiza miguu chini yake, unakaa ukingoni na kuinama nje mgongo ukiwa juu ya maji, na uzito wako unavuta boti isilale. Wewe na kilo 68 zako, ukiinama vizuri, tuseme katikati ya uzito wako iko mita moja kutoka katikati ya boti. Hiyo ni 68 mara moja, basi tuite nguvu ya 68. Sasa chukua mkuku wa chuma wa kilo 20 uliozama sentimita 70 chini. Boti ikiwa imesimama wima huo mkuku hausaidii chochote, uko chini tu moja kwa moja. Boti ikilala nyuzi 15, uzito wake umesogea upande kwa sentimita 18 tu, kwa hivyo nguvu yake ni 20 mara 0.18, yaani 3.6. Umebeba chuma cha kilo 20 siku nzima upate nguvu ambayo wewe unaipata kwa kusogeza makalio sentimita tano na kitu. Ili chuma kifanye kazi yako kwa ule mlalo ungehitaji karibu kilo 375, na boti za hivyo zipo kweli, J/24 kwa mfano, nayo ni faibaglasi ya mashindano, ina risasi ya kilo 431 hivi chini, lakini hiyo ni boti ya mita 7.3 yenye uzito wa tani moja na zaidi na inabeba watu watano. Huwezi kuning'iniza hiyo habari chini ya ganda la kilo 59.

Na ukitoboa chini ya Laser ufunge chuma, utakuwa umetoboa boti nzima kwenye sehemu ambayo haikujengwa kushika bolti, ukigonga jiwe mara moja pale Hippo Point chuma kinang'oka na kipande cha tumbo.

Sasa utaniuliza, kwani ule ubao unaochomekwa katikati ni wa nini kama si wa kuzuia isipinduke? Ule kazi yake ni kuzuia boti isisukumwe kando. Upepo ukija kutoka ubavuni unataka kuisukuma boti kama karatasi, ule ubao ndani ya maji unakataa, kwa hivyo njia iliyobaki ni kwenda mbele. Ndiyo maana ukiuangalia umechongwa kama bawa, mviringo mbele na ncha nyembamba nyuma, kwa sababu maji yakipita kwa pembe kidogo unavuta upande wa upepo, na bila huo huwezi kubisha, yaani kwenda zigizaga dhidi ya upepo. Kwa hivyo wakati wa kununua upapase ule ubao na usukani kwa vidole: ukingo wa nyuma ukiwa umemong'onyoka kama meno ya msumeno utaskia unavuma ukienda spidi na boti itateleza kando. Hiyo ni rahisi kutengeneza lakini itumie kupunguza bei.

Na kwa sisi watu wa Winam, hii ghuba ya Kisumu, kuna faida nyingine ya kuwa na ubao unaotoka. Gugu maji. Mizizi yake inaning'inia chini na inajifunga kwenye chochote kilichosimama. Kwa Laser unauvuta ubao juu, mizizi inaachia, unaurudisha, unaendelea. Usukani nao unakunjika. Ungekuwa na mkuku wa kudumu ungekaa hapo katikati ya gugu ukisubiri mvuvi mwenye roho nzuri. Ila ukishaukunja usukani hakikisha umeurudisha chini mpaka mwisho na kamba yake imebana, ukibaki umeinuka kidogo ile kana, fimbo ya kushikia usukani, itakuwa nzito kama unashika ng'ombe, watu wanadhani boti imeharibika kumbe ni kamba tu.

Kuhusu "haiwezi kuzama". Kipande cha faibaglasi ukikitupa ziwani kinaenda chini, ni kizito kuliko maji kwa kama mara moja na nusu. Laser inaelea kwa sababu ganda na sitaha zimebandikwa zikafunga hewa ndani, na kwa usalama zaidi wameweka vitu vya kuelea humo ndani, za zamani zina matofali ya povu, zilizofuata zina vidumu vya plastiki vilivyojazwa hewa. Ikijaa maji haitazama kabisa kama vitu hivyo bado viko sawa, lakini itakaa nusu ndani ya maji, itajipindua yenyewe na hutaweza kuinyoosha, na katikati ya ghuba saa kumi jioni hiyo si mbali sana na kuzama. Ikiwa kavu ni hadithi tofauti: ikilala unasimama juu ya ule ubao, inainuka, na ile sehemu ya kukaa ni ndogo kwa makusudi ili ishike maji machache, ukianza kutembea vali ya chini inayanyonya yote nje. Ni boti iliyotengenezwa ipinduke na iendelee. Binti yako atapinduka mara ishirini wiki ya kwanza na hiyo si kasoro.

Tuje sasa kwa kile kinachonitia wasiwasi mimi, na wewe umekitaja katikati kama kitu kidogo: ule ufa wa shimo la mlingoti.

Mlingoti wa Laser hauna kamba za kuushikilia, hakuna waya mbele wala pembeni, umechomekwa tu kama nguzo kwenye bomba fupi la faiba linaloanzia kwenye sitaha mpaka sakafu ya boti, kina chake kama futi moja. Nguvu yote ya tanga inaishia hapo. Tuseme upepo unasukuma tanga kwa kilo 40, na katikati ya tanga ni mita mbili na zaidi juu ya sitaha. Kwa ile futi moja ya bomba, mdomo na kitako vinavutana kwa zaidi ya kilo 260, kila pigo la upepo, kushoto kulia, miaka na miaka. Kinachochoka kwanza ni ile gundi ya mdomoni na ile ya chini. Ufa kama nywele kwenye jelikoti peke yake si kifo, jelikoti ni rangi ngumu tu na hupasuka ikizeeka. Lakini ufa unaozunguka shimo pamoja na maji ndani, hao wawili huwa wametembea pamoja.

Kwa hivyo nenda na jagi. Jaza maji lile shimo mpaka usawa wa sitaha, weka alama, kaa kwa kivuli na muuzaji mpige stori dakika thelathini. Maji yasiposhuka, bomba ni zima. Yakishuka, unajua yanaingia tumboni. Halafu toa maji, chomeka kipande cha chini cha mlingoti peke yake, mtu mmoja autikise kwa nguvu mbele na nyuma, wewe angalia mdomo wa shimo na uweke sikio chini. Ukiona sitaha inapumua ama ukiskia kitako kinagonga, usiingie majini na hiyo boti hata siku moja kabla haijatengenezwa, maana bomba likiachia ukiwa kule nje mlingoti unapasua sitaha kuanzia hapo mpaka ukingoni, na hiyo mimi siwezi kukutengenezea kwa bei ya maana.

Kisha mizani. Fungua kizibo cha nyuma, inua pua, acha maji yote yatoke. Tafuta mizani miwili ya kuning'iniza, ile ya wauza samaki, ning'iniza mbele na nyuma, jumlisha. Ikiwa 60 mpaka 64 hivi, nunua kwa amani. Ikifika 68 ama 70, kuna maji yamelala kwenye povu, inaweza kukaushwa lakini kwa uvumilivu: unakata kitundu cha mfuniko kwenye sitaha karibu na mlingoti, ambacho utakihitaji hata hivyo kwa kutengeneza bomba, unaweka feni ndogo wiki tatu nne. Ikizidi 75 na umeshamwaga maji, aidha povu limekunywa kabisa ama kuna fundi alishapita hapo na mati zake.

Usijaribu kutafuta tundu kwa kompresa ya gereji. Nimeona. Ganda linafunguka pembeni kama mfuko wa chipsi. Unapaka maji ya sabuni na kupuliza kwa mdomo kupitia mpira, inatosha. Na ukiona katundu kadogo kwenye ukuta wa sehemu ya kukaa upande wa mbele usikazibe na silikoni ukidhani umepata panapovuja, hapo ndipo boti inapumua, jua la Kisumu likipasha hewa ya ndani lazima itoke mahali, ikikosa inatokea kwenye maungio.

Kama bomba linahitaji kazi, mwambie fundi atumie epoksi na kitambaa cha kufumwa, asitumie ile resini ya polisita ya kutengeneza tangi. Polisita mpya haishiki vizuri kwenye polisita iliyokwisha kauka miaka, epoksi inashika. Na asichanganye epoksi na mati ya kawaida, kwa sababu ule unga unaoshikilia nyuzi za mati umetengenezwa uyeyuke ndani ya polisita, kwa epoksi hauyeyuki vizuri na kiraka kinabaki na nyuzi kavu. Hilo ndilo swali la kumpimia fundi, mwulize tu "utatumia nini na nini", ukimuona anapima hadena, ile dawa ya kugandisha, kwa macho na kifuniko cha soda mshukuru uende. Avae barakoa wakati wa msasa, na binti asikae karibu na lile vumbi.

Kuhusu wewe na yeye kutumia boti moja, hapo ndipo wachoraji walifanya akili. Ganda ni lilelile, unabadilisha tanga na kipande cha chini cha mlingoti basi. Tanga kubwa ni mita mraba 7.06, hilo linataka mtu wa kilo 75 kwenda juu. La kati ni kama 5.8, hilo ndilo lako. La watoto ni 4.7, na mlingoti wake wa chini ni mfupi na umepindwa kidogo kuelekea nyuma ili tanga dogo lisivurugue usawa wa usukani, hilo ndilo la binti yako na kilo zake 48. Muulize muuzaji ana vipande gani. Ikiwa ana lile kubwa tu, bei ishuke, maana nyinyi wawili hamtalitumia na hivyo vingine itabidi muulizie vilabu vya Mombasa, Kilifi ama upande wa Kampala.

Jambo moja linawasaidia: hapa tuko mita 1,134 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa kama sehemu moja ya kumi kuliko ya Mombasa, kwa hivyo upepo wa spidi ileile unasukuma kidogo zaidi huko kuliko hapa. Asubuhi ziwa limelala, mchana upepo unaamka kutoka ziwani ukija mjini, kwa hivyo kitu kikivunjika unasukumwa kurudi nyumbani (pamoja na gugu, lakini nyumbani). Aanze saa sita saba, saa tisa awe ametoka, kwa sababu mawingu yakijikusanya jioni huo mlingoti wa alumini utakuwa ndio kitu kirefu zaidi pande zote na radi za huku mnazijua. Life jacket kila mara, hata wewe unayejua kuogelea. Ukingoni kwenye majani kuna viboko na kuna kichocho, kwa hivyo aingilie mahali pa wazi, ajikaushe haraka, na akipata mkojo wa ajabu, tumbo ama muwasho usioeleweka mpeleke hospitali apimwe, dawa ipo. Na pitia Kenya Maritime Authority uulize habari ya kusajili kabla polisi wa ziwa hawajakuuliza wewe.

Mimi nikiwa wewe ningenunua kama maji hayakushuka sana na mizani iko chini ya 68, na ningekata bei kwa ajili ya sitaha na bomba. Ikiwa shimo linacheza, usiamue kwa picha za WhatsApp, tafuta mtu aliyewahi kufungua Laser aje aishike kwa mikono, hata kama itabidi umlipie nauli kutoka Mombasa, maana ufa ukiwa kwenye kitako picha haionyeshi kitu.

Fundi wa Dunga usimtupe. Mwambie akutengenezee kitoroli cha magurudumu cha kuingizia boti majini, upana wa mita moja na nusu, mbao zifunikwe na mpira wa tairi. Hiyo atakufanyia vizuri kuliko mimi, na hilo ganda jembamba halitaki kuburutwa kwa mchanga.